Mji Mkongwe kwa Miguu: Chokaa, Boriti na Mvua ya Vuli

Alhamisi

Ukienda Unguja kwa boti kutoka Dar, kaa upande wa kulia. Baada ya kama saa mbili Shangani inachomoza na nyumba zake nyeupe, halafu majengo ya ufukweni yanafuatana: bustani ya Forodhani, kuta za Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, Beit el Sahel, ule mti mkubwa wa Mtini uliopandwa na Sultan Khalifa mwaka 1911, na mwisho zahanati ya zamani yenye roshani za mbao, karibu kabisa na bandari ya Malindi. Wenye mali wa karne ya 19 walijipanga mbele ya bahari kwa makusudi, mgeni ajue amefika kwa nani kabla hajakanyaga nchi kavu.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimekuja mara nyingi kwa shughuli za harusi na misiba, nikapita vichochoroni mbiombio na mikoba mkononi. Safari hii nimekuja kuzitazama nyumba zenyewe, na haja yangu ni kujua zinasimamaje. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na miti ya mikoko. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachopatana na maji, na Unguja mvua inanyesha misimu miwili kwa mwaka. Nimechagua kuja wakati wa vuli kwa sababu hiyo hiyo.

Mzigo nikauacha nyumba ya wageni Kiponda, nikarudi Mizingani kuanza na ile zahanati. Aliyeijenga ni Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kukaa kwenye kiti, na nia ilikuwa iwe hospitali. Mwenyewe alifariki mwaka 1891 kazi haijaisha, mjane wake akaiendeleza, jengo likamalizika 1894. Baadaye lilinunuliwa na tajiri mwingine, chini pakawekwa zahanati, na jina hilo ndilo lililobaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikaa likichakaa hadi lilipofanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990.

Nilisimama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Roshani zake zimepandana ghorofa kwa ghorofa, kila nguzo imechongwa, na ukingo wa juu umetobolewa nakshi nyembamba kiasi kwamba jua likipita linaandika nakshi hiyo hiyo ukutani. Ndani kuna ua uliofunikwa, na vioo vya rangi vinamwaga kijani na nyekundu sakafuni. Wapiga picha huishia hapo. Mimi nilianza kutazama roshani inafanya kazi gani, na ukikaa kidogo unaona: imetoka nje ya ukuta, ina paa lake, na mvua ikija inadondokea nje, mbali na chokaa. Urembo wote ule umejengwa juu ya kitu ambacho ukuta ulikihitaji tangu mwanzo.

Ijumaa

Asubuhi nzima nilikuwa Malindi, Kiponda na Hurumzi. Kwanza ule msikiti wa Malindi wenye mnara wa duara uliochongoka kwenda juu. Katika pwani yetu minara ya namna hiyo ni michache mno. Nikautazama kwa nje, nikaendelea.

Mji huu una nyumba za aina nyingi, lakini anayeanza kuusoma akijua kutenganisha mbili, vichochoro vyote vinaanza kuzungumza. Nyumba ya Kiarabu imegeuzia mtaa mgongo. Nje ni ukuta mpana, mtupu, madirisha machache tena yako juu, na fahari yote imewekwa kwenye mlango mmoja. Maisha yako ndani, kuzunguka ua ulio wazi juu, mwanga na hewa vinashukia humo. Nyumba ya Kihindi imegeukia mtaani: chini ni duka lenye milango ya kukunja ubao kwa ubao, juu ni makazi, na roshani inaning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Mwarabu aliificha familia, Mhindi aliitangaza biashara, na nyumba hizo zimebanana ukuta kwa ukuta kwa zaidi ya miaka 100.

Milango nayo inafuata mkondo huo. Ile ya zamani ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kimechongwa aya ya Kurani au mwaka wa hijria. Ile iliyokuja baadaye, yenye mkono wa Kihindi ndani yake, ina tao la nusu duara juu, majani na maua yamejaa. Njumu za shaba zilizochongoka ni desturi ya India, ambako zilikusudiwa kuwazuia tembo. Unguja hakuna tembo wa kusukuma mlango, lakini shaba ikisuguliwa inang'aa, na mwenye nyumba alitaka ing'ae.

Mlango mmoja wa Hurumzi ulinishika. Mbao zake ni za msaji, nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Chini ya kila mwimo amechongwa samaki, magamba yake yamepangwa safu kwa safu, na kutoka kwake linapanda shina linalozaa majani hadi juu, huku ukingo wa nje ukiwa umezungushwa mnyororo. Nilipopitisha kidole kwenye magamba niliona yale ya chini yamelainika, karibu kufutika, na ya juu bado yana makali. Watoto wa mtaa mzima wamekalia kizingiti kile na kushika samaki yule.

Bibi mmoja alinikuta nimechuchumaa pale. "Mlango huo haununuliwi, mwanangu," akasema. Nikamsalimu, nikamweleza kazi yangu, akacheka. "Basi ingia uone na ndani. Hodi inatosha, hakuna wanaume saa hizi, wamekwenda msikitini." Tukapita daka, pale mahali pa kumsimamishia mgeni kabla ya kumwingiza ua. Ua wenyewe mdogo, ndoo na mtungi pembeni, kamba ya nguo juu. Nyumba ni ya wakfu, kama zilivyo nyingi mjini hapa, na wapangaji wamegawana vyumba. Chumba chake kirefu na chembamba, zidaka ukutani zimejaa vikombe vya kaure, na joto la nje lote limebaki mlangoni. Ukuta una unene wa zaidi ya nusu mita. Akanipa kahawa na kipande cha halua, akanionyesha kona ya dari iliyokuwa na doa la kahawia. "Hapo ndipo panaponinyima usingizi ikinyesha. Nikisikia inaanza, naamka naweka beseni." Kila anachopata huenda kwenye paa, na paa si lake peke yake, ni la wote walio chini yake.

Jumamosi

Hii ndiyo siku niliyoifuata.

Kwa kuulizia ulizia barazani nilikuwa nimempata fundi mwashi wa siku nyingi, mzee anayefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake, na alikuwa na nyumba ya kutengeneza si mbali na nilipofikia. Nilifika mapema, nikamkuta amekaa juu ya kopo la rangi anakoroga pipa. Ndani ya pipa kulikuwa na kitu kizito cheupe. "Hii imelala miezi," akasema. "Chokaa ya haraka haifai. Itapasuka, itakuaibisha."

Akanieleza inavyopatikana. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la kuni, tanuu linachomwa mpaka mawe yanageuka meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji yanafoka, yanatoa moshi, yanavunjika yenyewe kuwa unga. Unga huo unalazwa kwenye maji, na kadiri unavyolala ndivyo unavyokuwa laini. Siku ya kazi unachanganywa na mchanga, na kwa ujenzi wa ukuta unaongezwa udongo mwekundu. Lipu inapigwa kwa tabaka nyembamba, moja ikaushwe ndipo ije nyingine, na jua kali likiwepo ukuta unafunikwa magunia yaliyoloweshwa ili usikauke kwa pupa.

Nikamuuliza kwa nini asitumie saruji kama wengine, kazi iishe kwa siku mbili. Akanyanyuka, akanipeleka kwenye ukuta wa upande wa pili, ambao mtu alikuwa ameupiga lipu ya saruji miaka kadhaa nyuma. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulitoa mlio wa mtungi mtupu.

"Sikia. Saruji imesimama peke yake, ukuta uko nyuma yake unaoza. Nyumba hizi zinavuta maji kutoka chini na kutoka hewani, halafu zinayatoa kupitia chokaa. Ukizipaka saruji umezifunga pumzi. Maji yanabaki ndani, yanapanda, yanafika kwenye ncha za boriti."

Akabandua kipande kikubwa cha lipu kwa mkono mtupu, bila nyundo. Nyuma yake udongo ulikuwa mbichi, ukishikwa unafinyangika. Juu kidogo, pale boriti ilipoingia ukutani, akanichomekea bisibisi mkononi. "Choma." Nikaichoma boriti katikati ya chumba, bisibisi ikagota: mti mgumu, mzima kabisa. Nikaichoma pale pale inapoingia ukutani, ikazama hadi kwenye mpini. Boriti nzima yenye afya, imekufa kwenye kiganja kimoja cha mwisho, na kiganja hicho ndicho kilichobeba ghorofa.

Nimechora nyumba kwa miaka mingi na sikuwahi kufundishwa jambo hili kwa uwazi namna ile. Boriti za mikoko ndizo zilizopanga mji huu wote. Mkoko ulionyooka wa kujengea hauzidi mita 3 hivi baina ya ukuta na ukuta, kwa hiyo vyumba vyote ni vyembamba, hata vya matajiri wakubwa. Aliyetaka ukubwa alirefusha chumba, hakuweza kukipanua. Ndiyo maana chumba cha yule bibi kimekaa kama ushoroba, na ndiyo maana majumba ya kifahari ya Shangani nayo yana kumbi ndefu zisizo na upana. Juu ya boriti yalipangwa mawe, juu yake chokaa na kokoto, halafu watu wakasimama kwa mistari na magongo mikononi, wakaiponda sakafu kwa siku kadhaa huku wakiimba, mpaka ikashikana.

Alasiri tukapanda darini. Ukiwa juu unaona kwamba Mji Mkongwe ni mji wa mabati. Mapaa ya mwanzo yalikuwa bapa, ya chokaa, watu walipunga upepo juu yake jioni, lakini yalivuja. Mabati yalipoanza kuletwa kwa meli, wenye nyumba wakayainua juu ya yale mapaa bapa, na leo bahari ya mabati yenye kutu inaenea kutoka Malindi hadi Vuga, minara ya misikiti na ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu ikitokeza katikati. Wageni wengi hawaipendi sura hiyo. Mimi naona bati limeokoa nyumba nyingi kuliko sheria yoyote. Penye bati zima na mfereji wa kutoa maji, ukuta wa chini ni mzima. Fundi alinionyesha kwa kidole nyumba zilizokuwa tatizo: palipokosekana bati moja, mfereji ulioziba majani, mwarobaini mchanga uliootea kwenye ufa. "Huo ukiachwa misimu miwili, mizizi inafungua ukuta," akasema, na kesho yake alikuwa na nia ya kwenda kubisha hodi kwa wenyewe.

Kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, na mji uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Vyote viwili ni vya kushukuru. Ila nilipomuuliza mzee ana vijana wangapi anaowafundisha chokaa, alinionyesha wawili waliokuwa wakibeba maji. Hapo ndipo fedha za urithi zinapaswa kufika kwanza, kwa hawa wawili, wawe ishirini.

Jumapili

Mkunazini. Kanisa Kuu la Anglikana limesimama juu ya lililokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere alilisimamia mwenyewe, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu. Paa lake ni tao moja refu, halina boriti hata moja, na wengi wakati ule waliamini litaanguka. Baada ya jana nililitazama kwa jicho jingine: mtu alitaka ukumbi mpana, mikoko haikumruhusu, akapita njia nyingine. Nguzo za upande mmoja zimesimama kichwa chini, na inasimuliwa kuwa mafundi walizisimika hivyo askofu akiwa safarini.

Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs na kuwekwa mwaka 1998. Nilikaa hapo kuliko ndani. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, iko Shangani, dakika chache kwa miguu, nayo ni nyumba nzuri. Pembe za ndovu, karafuu na watu waliouzwa ndivyo vilivyolipia milango niliyokuwa nikiisifu juzi, na waliobeba mawe kutoka ufukweni na kuponda sakafu wengi wao walikuwa watumwa. Ninapozisifu nyumba hizi nawasifu hao kwanza. Mikono ilikuwa yao.

Mchana Vuga, kwa J. H. Sinclair, Mwingereza aliyechora sehemu kubwa ya majengo ya serikali ya ukoloni na hatimaye akawa mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa. Mahakama Kuu ya 1908 ina kuba na matao ya kuiga Waarabu. Beit el Amani, jumba la makumbusho la 1925, lina pembe sita na makuba meupe. Ni majengo yaliyochorwa vizuri, yametulia. Soko la Darajani nalo lake, la 1904. Nikavuka barabara kuingia Ng'ambo hadi maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nikayatazama kwa haraka kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Yanastahili safari yao.

Jumatatu

Ilinyesha kuanzia alfajiri. Nikatoka na mwavuli, na ndani ya dakika kumi nikaelewa kazi ya pili ya baraza: mtaa ukijaa maji, watu wanapanda juu ya mabaraza na kutembea nyumba kwa nyumba bila kulowa miguu. Wazee wa kahawa Sokomuhogo hawakuhama, walisogea tu chini ya roshani.

Nilikwenda Beit el Ajaib mvua ikiendelea. Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari. Ilikuwa ya kwanza hapa kuwa na umeme, ikawekwa na lifti. Alitaka upana, na alikuwa na fedha, kwa hiyo aliagiza chuma: nguzo ndefu nyembamba za chuma zinazobeba baraza zinazolizunguka jumba pande zote, na ndani kumbi ambazo boriti ya mkoko isingezifikia. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga ufukwe huu kwa dakika zisizozidi 45, majumba ya jirani yakabomoka, lenyewe likabaki, na mnara wa saa ukasimamishwa mbele yake mwaka uliofuata.

Lilichoshindwa kukistahimili ni maji. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilidondoka. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Chuma na matumbawe havinyweshwi maji miaka nenda rudi bila gharama: chuma kinafura kwa kutu, jiwe linapasuka, chokaa inatoka. Nilisimama nje ya mabati yaliyozungushiwa, nikasikia maji yanavyodondoka ndani kutoka mahali pengi kwa wakati mmoja, na nilihuzunika kweli. Jumba lililopita mizinga lilihitaji mtu wa kuzibua mifereji kila kabla ya masika.

Nilipita kwa yule bibi kumuaga. Beseni lilikuwa mahali pake. Nilimwandikia namba ya fundi kwenye karatasi, na fundi nilikwisha mwambia aende akalione lile doa. "Atakuja na chokaa au na saruji?" akauliza. Nikamwambia chokaa. "Basi aje."

Jumanne

Boti ya asubuhi, bahari imechafuka, sikuandika chochote njiani.

Pale Dar ukitoka tu kwenye geti la boti, mbele ya barabara kuna Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 enzi za Sultan Majid, kwa matumbawe na chokaa zile zile. Nimelipita miaka yote nikikimbilia daladala. Leo niliingia na begi langu mkononi, nikauangalia mlango wake wa kuchonga, nikapita nyuma kutazama maji ya paa yanaelekea wapi. Jumamosi ijayo naanza na zile nyumba za Kihindi za katikati ya mji, mitaa ya India na Indira Gandhi, zilizobaki baina ya maghorofa ya vioo. Nitazichora moja moja: roshani, mwaka ulioandikwa usoni mwa jengo, upana wa vyumba kama wenyewe wataniruhusu kuingia. Fundi amekubali kuja Dar nikimlipia nauli, na amesema atakuja na bisibisi yake.